Betri ni nzima, pimeni programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa ukurasa wenu wa teknolojia unaotoka Jumatano. Majuma mawili yaliyopita aliandika kwamba simu nyingi za huku pembeni zinaisha chaji mapema kwa sababu mafundi wa mitaani tunawauzia watu betri feki. Akamalizia kwa kuwashauri wasomaji wapunguze mwanga wa kioo, na wawe wanafuta programu zote zilizofunguka nyuma kila wakimaliza kutumia simu.

Mimi ni fundi wa mtaani. Nina meza sokoni Nansio, kisiwani Ukerewe, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilianza enzi za simu za kitochi, zile ambazo mtu alichaji Jumapili akitoka kanisani, akakutana na chaja tena Alhamisi. Siandiki kwa hasira. Naandika kwa sababu nina namba, na mwandishi wenu hakuwa nazo.

Kuhusu betri feki nakubali. Zipo, zinavuka ziwa kutoka Mwanza kama bidhaa nyingine, na mimi nimewahi kuziuza bila kujua, na mara moja au mbili nikijua. Nakubali na jingine baya zaidi: kwa miaka mingi kila mteja aliyeniletea kilio cha chaji nilimbadilishia betri bila kupima chochote. Ndiyo njia nyepesi. Mteja anaona kitu kipya kimeingia, mimi napata riziki, na siku tatu za kwanza wote tunaridhika kwa sababu anaitazama simu kwa macho ya mapenzi. Siku ya nne anarudi.

Aliyenitoa kwenye tabia hiyo ni mama mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Anatoka kisiwa kidogo huku kwetu ambacho sitakitaja, maana pale wahudumu ni wawili tu na mtamjua. Kazi yake ni kupita kaya kwa kaya: wajawazito, watoto wachanga, wagonjwa walio kwenye dozi. Zamani alikuwa na daftari. Kisha shirika moja likampa simu janja yenye programu ya kujazia taarifa hizo, na daftari likapandishwa juu ya kabati. Simu yenyewe ni ya bei ya chini, betri ya miliampea-saa 5,000, na mwanzoni ilikuwa inakaa siku tatu. Halafu ile programu ikaapdetiwa. Kuanzia hapo simu haikuweza kumaliza siku moja na usiku wake.

Betri ya kwanza nilimuuzia shilingi 25,000. Baada ya wiki akarudi. Ya pili nilimpa bure, kwa aibu. Mara ya tatu alikuja na mtumbwi wa asubuhi, akakaa kwenye benchi langu, akaweka simu mezani bila kusalimia vizuri. "Fundi," akasema, "mimi ni mtu mzima mwenzio. Kama umeshindwa niambie umeshindwa, nisiendelee kulipa nauli kufuata uongo."

Hapo ndipo nilipopima.

Kipo kidude kidogo cha kuchomeka kati ya chaja na waya wa simu. Kinaonyesha volti, kinaonyesha ampea, na kinajumlisha umeme uliopita. Wengi wetu tunakitumia vibaya. Fundi anaona betri imeandikwa 5,000, kidude kinasema zimeingia 4,400, anamtangazia mteja kwamba betri ni feki. Lakini zile 5,000 za kwenye betri zimehesabiwa kwa volti za betri, 3.85 hivi, na zile za kwenye kidude zimehesabiwa kwa volti 5 za chaja. Ni kulinganisha pishi na debe. Lazima uzidishe kwa volti upate wati-saa. Betri ya 5,000 ni kama wati-saa 19. Ongeza kinachopotea njiani kama joto, kidude kinatakiwa kisome 22 au 23 kutoka sifuri hadi kujaa. Ya yule mama ilisoma 22.4. Betri nzima kabisa. Nikaenda kwenye droo nikaitoa ile ya zamani, ile iliyokuja na simu, niliyoiita mbovu na kulipwa kwa kuiita hivyo. Nayo nzima.

Basi nikageukia simu. Kila fundi ana pawasaplai mezani, mashine inayotoa umeme kwa volti unazotaka huku ikikuonyesha simu inavuta kiasi gani. Kawaida tunaitumia kutafuta shoti kwenye bodi. Nikachomoa betri, nikaipa simu volti 4 kutoka kwenye mashine, nikazima kioo, nikakaa kuitazama namba. (Kuna simu hazikubali kuwaka hivi mpaka uzidanganye kwa kile kibao kidogo cha saketi kilichoko kichwani mwa betri chakavu. Ya mama ilikubali.) Simu iliyolala vizuri, laini ikiwa ndani, inavuta miliampea 8, 10, 12. Mara mojamoja inaruka inapoitika mnara, kisha inarudi chini. Ya mama haikurudi chini. Ilikaa 95. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, 95. Na kila dakika inaruka mpaka 300 na kitu, inashuka, inakaa pale pale 95. Nikahakikisha taarifa zake zote zimeshatumwa, nikaiondoa ile programu, nikaizima simu na kuiwasha upya. 11.

Mwandishi wenu afanye hesabu hii na mimi. Miliampea 95 kwa saa 9 za usiku, mtu amelala, kioo kimezimwa, ni 855. Hiyo ni asilimia 17 ya betri imekwenda hakuna aliyeigusa simu. Kwa 11 ingekuwa asilimia 2.

Lakini mashine ya mezani inasema ukweli wa mezani. Nansio mnara uko jirani. Kule kwa mama mnara uko ng'ambo ya maji, na simu isiyosikika vizuri inapaza sauti, yaani inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi, na hiyo nguvu ni chaji. Nikairudisha programu, nikamwomba anisaidie kupima kwa njia isiyotaka mashine: saa tatu usiku aandike asilimia, simu isiguswe wala isichomekwe, saa kumi na mbili asubuhi aandike tena. Usiku mmoja programu ikiwa kazini, usiku wa pili ikiwa imesimamishwa kabisa. Aliandika kwenye lile daftari la juu ya kabati. Programu ikiwepo, zilipotea 31. Ikisimamishwa, 5. Najua asilimia za kwenye kioo ni makisio ya simu yenyewe na zinaweza kupotoka kidogo. Ila 31 na 5 hazihitaji maabara.

Binti yangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni Dodoma. Alipokuja likizo nikamwekea simu mbele. Tangu toleo la 5 lililotoka mwaka 2014, Android yenyewe inaandika kumbukumbu ya nani ameamsha simu, saa ngapi, kwa muda gani. Mtumiaji anaonyeshwa muhtasari tu, lakini ukichomeka waya kwenye kompyuta unaivuta yote. Akaivuta ya usiku mzima. Katika saa 9, simu ilikuwa macho saa 8 na dakika 40.

Kilichotokea ni hiki. Simu za Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, zina usingizi mzito: ukiiweka chini bila kuigusa, inafunga milango na kuzinyamazisha programu, inaziamsha kwa zamu. Programu inayotaka kukwepa usingizi huo lazima imwombe mwenye simu aitoe kwenye vizuizi vya betri. Hii ya shirika iliomba, na kwenye semina waliambiwa wote wabonyeze Ruhusu. Ikisharuhusiwa, ikashika ile amri ya kuizuia simu isilale, wenyewe wanaiita wekiloki, na haikuiachia tena. Ikawa inatafuta lokesheni kwa setilaiti kila dakika, hata mama akiwa kitandani. Kila ikipata inataka kuituma. Kule mtandao hafifu, haiendi. Inajaribu tena papo hapo, na tena, bila kupumzika.

Wavuvi wa huku watanielewa upesi. Ni sawa na mtu anayewasha injini ya mtumbwi kupeleka sangara mmoja Nansio, anarudi, anawasha tena kupeleka mwingine, badala ya kujaza kreti avuke mara moja. Na simu ina tabia ya kuongezea hasara juu ya hapo: ikishatuma haizimi injini papo hapo. Kwenye 3G redio ya simu, yaani kifaa chake cha kurushia mawimbi, inabaki inanguruma sekunde kadhaa baada ya kazi kwisha, ikingoja kama kuna kingine. Ukituma vitu vidogo 60 kwa saa, unalipia kungoja mara 60.

Binti akanisomea utafiti wa mwaka 2012 wa watu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wa Microsoft. Walitengeneza njia ya kufuata umeme ndani ya programu, waone kila kipande kinakula kiasi gani. Katika programu za bure walizopima, kati ya asilimia 65 na 75 ya umeme ilikwenda kwenye vipande vya matangazo vilivyobandikwa na watu wengine. Mchezo wa Angry Birds, ambao mwaka ule ulikuwa kila simu, ulitumia kama asilimia 20 tu kuuchezesha mchezo wenyewe. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa kumtafuta mchezaji yuko wapi na kumletea tangazo. Nilicheka. Ndiyo hadithi ya mama yule yule, ila yeye hakuwa anacheza.

Mjue pia kwamba sina nia ya kuwakejeli vijana wetu wanaotengeneza programu. Mwaka 2015 Facebook wenyewe walikiri kuwa programu yao ya iPhone ilikuwa ina makosa yanayomaliza chaji, mojawapo likiwa sauti iliyobaki imefunguliwa nyuma hata kama hakuna kinacholia. Kama wale wenye mabilioni inawatokea, itamtokea yeyote. Swali ni nani anagundua, na kwa kipimo gani.

Hapo hapo niuguse ule ushauri wa kufuta programu za nyuma kila mara. Mwaka 2016 wakubwa wa pande zote mbili, Hiroshi Lockheimer wa Android na Craig Federighi wa Apple, walisema hausaidii betri. Programu iliyolala kwenye kumbukumbu haili kitu. Ukiifuta, kesho simu inaianzisha upya kutoka mwanzo, na kuanzisha ndiko kunakokula. Nimepima kwenye pawasaplai na simu tatu tofauti, kidole kinachofuta-futa ndicho kilichokuwa na hasara. Mwandishi wenu hakupima.

Tuliliandikia shirika. Barua fupi, namba sita. Jibu la kwanza lilikuja baada ya wiki tatu: mtumiaji ashauriwe kununua pawabanki. Mama alipolisikia alisema neno la Kikerewe ambalo halichapiki.

Kwa bahati barua ilimfikia kijana mmoja aliyeiandika programu yenyewe, yuko Dar es Salaam, akanipigia simu. Alikuwa na adabu na alikuwa hajaamini. Kwake, alisema, programu haikuwahi kula chaji. Nikamuuliza anaijaribia wapi. Ofisini. Simu gani? Akataja ya zaidi ya milioni mbili. Mtandao? Waifai. Nikamuuliza la mwisho: ikiwa mkononi, au ikiwa kwenye waya wa kompyuta? Kimya. Simu iliyochomekwa haiingii kwenye ule usingizi mzito, na chaji haishuki kwa sababu kompyuta inairudishia. Miezi yote alikuwa anapima kiu ya mtu aliyekaa ndani ya mto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu alikuwa hajakiona hata kitanda.

Tukakubaliana. Yeye atanitumia matoleo ya majaribio, mimi nitapima kwenye simu kama ya mama, mashine ile ile, volti zile zile, kioo kimezimwa, saa nzima kila toleo.

Toleo la kwanza alibadili rangi. Kila ukurasa mweusi. Alikuwa amesoma kwamba rangi nyeusi inaokoa chaji, na ni kweli kwenye vioo vya OLED, ambavyo kila nukta inajiwakia yenyewe na nukta nyeusi imezimwa. Hata huko, watafiti wa Purdue walipopima mwaka 2021 walikuta kwamba mwanga ukiwa wa kawaida, asilimia 30 hadi 50, akiba ni asilimia 3 hadi 9. Akiba kubwa ya karibu nusu inapatikana mwanga ukiwa juu kabisa. Simu ya mama ina kioo cha LCD. Taa yake iko nyuma ya kioo na inawaka ile ile, uweke nyeusi uweke nyeupe. Nilimpimia na kioo kikiwa kimewashwa ili nisimwonee: namba haikutikisika. Kioo kikizimwa, 95 kama kawaida. Nilimwonea huruma, alikuwa amefanya kazi wiki nzima.

Toleo la pili akakusanya taarifa na kuzituma kwa mkupuo kila robo saa, na zikikwama, programu ingoje dakika moja, kisha mbili, kisha nne, badala ya kugongagonga mlango. Ikashuka hadi 60. Toleo la tatu ndilo lililofanya kazi, na cha ajabu halikuongeza kitu, liliondoa. Aliuliza wenye mradi: hii lokesheni ya kila dakika inasomwa na nani? Hakuna aliyejua. Ilikuwa imewekwa kwa sababu kipande kile kilikuwepo kwenye programu nyingine waliyoinakili. Wanachohitaji ni kujua kaya iko wapi, mara moja, fomu inapofunguliwa. Akaiondoa, akaiachia wekiloki, akaitoa programu kwenye orodha ya zisizowekewa vizuizi. Miliampea 14.

Mama akapima usiku mmoja kule kisiwani. Daftarini ameandika 6. Juzi alinipigia kuulizia bei ya kava, akanipa na hiyo taarifa ya kwamba simu imerudi kukaa siku tatu, kama jambo la kawaida.

Sasa nieleze kwa nini napoteza wino kwa miliampea. Kisiwani kwao mama anachajisha kwenye kibanda cha sola, shilingi 500 kwa simu. Kwa siku tatu ni mara 10 kwa mwezi, shilingi 5,000. Programu ilipoharibika ikawa mara 30, shilingi 15,000. Hiyo elfu 10 ya juu aliitoa mfukoni mwake, hakuna aliyemrudishia. Na tazameni umeme wenyewe anaununua kwa bei gani. Kuijaza simu ile kunachukua kama wati-saa 22 au 23, kwa hiyo uniti moja ya umeme, yaani wati-saa 1,000, inajaza simu kama hizo 43 hadi 45. Mara 500, uniti moja inamfikia kwa zaidi ya shilingi 20,000. Mwenye LUKU mjini hajawahi kuinunua uniti hata kwa 500. Yaani anayelipa umeme ghali kuliko wote ndiye aliyepewa programu inayoula kuliko zote. Kwenye kambi za dagaa ni hivyo hivyo, watu wanachaji simu kwenye betri zile zile za taa za kuvulia, na usiku wa giza kila kinachoingia kwenye simu kimetolewa majini.

Na betri yenyewe inakufa mapema. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unataka betri za simu zinazouzwa kwao ziweze kujazwa mara 800 zikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Tuseme betri ya mama ni ya kiwango hicho, ingawa sina hakika kama ni bahati tuliyonayo. Akijaza mara 10 kwa mwezi, anafika 800 baada ya miaka sita na ushee. Akijaza mara 30, miaka miwili na miezi michache. Halafu anakuja kwangu, namuuzia nyingine, na gazeti linaandika kuhusu mafundi wa mitaani.

Wenzetu wameanza kuandika kanuni. Ujerumani wana alama ya mazingira iitwayo Blauer Engel, ambayo tangu 2020 inatolewa hata kwa programu za kompyuta, na ili uipate lazima upime umeme programu inaokula ikiwa kazini na ikiwa imetulia. Ya kwanza kuipata ilikuwa Okular, ya kusomea nyaraka, mwaka 2022. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO/IEC 21031 cha mwaka 2024, kinachohesabu hewa ya ukaa kwa kila kipande cha kazi programu inachofanya. Binti anakipenda sana hicho. Mimi nilimwambia kwa mama yule hewa ya ukaa ije baadaye, kwanza tuhesabu mia tano mia tano. Tulibishana pia kuhusu lugha za kuandikia programu, maana alikuwa na jedwali la watafiti wa Ureno la 2017, lugha 27 zikifanya kazi zile zile: C ikila 1, Java inakula karibu 2, Python karibu 76. Akawa na hakika kosa liko hapo. Nikamwambia jedwali lako linapima mashine inayofanya kazi. Hii yetu haikuwa na kazi, ilikuwa imekaa macho tu.

Google nao wameweka mpaka: programu ikiizuia simu kulala zaidi ya saa mbili kwa siku bila sababu inayokubalika, inahesabiwa kuwa na tabia mbaya, na inayofanya hivyo kwa watumiaji wengi inaweza kupunguziwa kuonekana dukani kwao. Vizuri. Lakini ile ya mama haikutoka kwenye duka la Google. Walirushiwa kwenye semina, simu kwa simu, na programu nyingi za kazi huku zinafika hivyo hivyo.

Kwa hiyo ombi langu haliendi Ulaya wala Marekani. Linaenda kwa wanaolipia programu hapa nchini: mashirika, halmashauri, benki, wanunuzi wa mazao, yeyote anayempa mtu simu au anayemwambia apakue kitu ndipo ahudumiwe. Kwenye mkataba na mtengenezaji ongezeni mstari mmoja. Simu ya bei ya chini, laini ndani, data imewashwa, mtandao hafifu, haijachomekwa popote, saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi: programu isile zaidi ya asilimia 2 juu ya kile simu ile ile inachokula bila programu hiyo. Kipimo kirudiwe kila ikiapdetiwa, kwa sababu ya mama iliharibikia kwenye apdeti. Hakihitaji pawasaplai wala mhandisi. Mama alikifanya kwa kalamu.

Na kwako, Mhariri. Jumatano mnachapa bei za simu mpya na ukubwa wa kamera. Pembeni yake ongezeni safu ndogo ya programu zinazotumika sana nchini na asilimia zinazopotea usiku mmoja. Mwandishi wenu akitaka mahali pa kupimia, meza yangu iko wazi, aje na simu zake, nauli ya meli ajilipie. Nimeshamwanzishia: programu ya gazeti lako nayo nimeipima, usiku mbili. Namba nimekuandikia kwenye karatasi ya pili iliyomo humu kwenye bahasha. Hiyo usiichape.

Fundi simu,
Sokoni Nansio, Ukerewe